Mhariri, mzee haanguki kwa sababu ya uzee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuizungumzie sentensi moja ambayo gazeti lako, kama magazeti mengine, huichapisha bila kuihoji: "Marehemu alianguka bafuni." Wakati mwingine huongezewa "kutokana na uzee", na habari ikaishia hapo. Gari likipinduka, mwandishi wako huuliza habari za breki, tairi, mwendo na hali ya barabara. Mzee akianguka, hakuna anayeulizwa kitu. Sisi tunaoshughulika na afya ya wazee tunasema kuanguka nako kuna breki zake na tairi zake, na nyingi kati ya hizo hukaguliwa kwa vitu vinne tu: saa, kiti, mashine ya kupimia presha, na mfuko wa dawa anazomeza mzee.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa vifo vya ajali, ni ajali za barabarani pekee zinazozidi idadi hiyo. Kati ya watu wa miaka 65 na kuendelea, asilimia 28 hadi 35 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Wengi huinuka na michubuko tu. Wapo wanaovunjika nyonga, na hapo ndipo penye kaburi: takribani mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja. Mfupa wenyewe hauui. Kinachoua ni kulala kitandani, nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni.

Lakini wazee hawasemi. Mama aliyeanguka mara mbili mwaka huu anajua akisema atanyang'anywa funguo za nyumba, au atahamishiwa kwa mwanawe asikotaka kwenda, basi anafunika mchubuko kwa nguo ya mikono mirefu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini tusimlaumu yeye peke yake, kwani sisi ndio tuliomfundisha kwamba akisema ukweli ataadhibiwa. Ukitaka jibu la kweli, usimuulize "unaanguka?" Muulize mambo matatu: Je, katika miezi 12 iliyopita umeteleza au kujikuta chini hata mara moja? Je, ukisimama au ukitembea unajihisi kuyumba? Je, unaogopa kuanguka? "Ndiyo" moja tu inatosha kuanza kutafuta chanzo. Swali la tatu watu hulipuuza, kumbe woga nao huangusha: anayeogopa hupunguza kutembea, misuli ya mapaja hunywea, na baada ya miezi michache kile alichokiogopa kinamfika.

Tuanze na dawa, kwa sababu ndipo penye makosa mengi yanayorekebishika haraka. Mzee aje kliniki na mfuko wote, si orodha aliyoandika kwa kukumbuka. Ndani ya mfuko ziwemo dawa alizonunua mwenyewe bila cheti, za jirani alizoazima, za mitishamba, hata matone ya macho. Naam, matone ya macho: timololi inayotumika kwa presha ya macho huingia kwenye damu na inaweza kupunguza kasi ya mapigo ya moyo kiasi cha kumletea mtu kizunguzungu, na hakuna anayeitaja kwa sababu haimezwi.

Dawa za kutazamwa kwanza ni za usingizi na za wasiwasi kama diazepamu, ambayo kwa mzee hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kidonge cha jana usiku bado kipo kazini leo mchana. Zinafuata amitriptilini, dawa ya sonono na maumivu ya neva, na dawa za zamani za mzio na mafua kama klorofenamini na prometazini, ambazo hulaza, hukausha mdomo, huzuia mkojo na huvuruga akili. Zipo za tezi dume zinazolegeza mishipa ya damu, zipo za kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na zipo za kisukari. Glibenklamaidi hasa haiwafai wengi waliozeeka, kwa kuwa hushusha sukari kwa saa nyingi mfululizo, na figo za mzee huchelewa kuitoa. Anayeimeza kisha akakosa chakula cha jioni anaweza kuanguka alfajiri akielekea chooni, na nyumbani wakasema ameteleza.

Kuna mnyororo mmoja tunaomba kila msomaji mwenye mzee nyumbani aujue. Mzee anapewa amlodipini ya presha, nayo inafanya vifundo vya miguu vivimbe. Uvimbe unaonekana kama ugonjwa mpya, anaongezewa furosemidi ya kutoa maji. Sasa anaamka mara nne usiku kukojoa, madini ya mwili yanavurugika, presha inashuka akisimama, na safari ya tatu ya chooni anaanguka. Kila daktari aliyeandika dawa hapo alitibu alichokiona. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza kama dalili imeletwa na dawa iliyotangulia. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni hili: "Ipi kati ya hizi imewekwa kutibu matatizo ya nyingine?" Anayemeza dawa tano au zaidi kwa siku anastahili kupitiwa zote upya angalau mara moja kwa mwaka, na kila anapotoka kulazwa hospitali, maana huko ndiko dawa huongezwa kwa haraka na kusahauliwa kuondolewa.

Tafadhali, asiwepo wa kusoma haya akatupa vidonge. Diazepamu ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea huleta kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Presha isiyotibiwa nayo huleta kiharusi, na kiharusi huangusha kuliko vyote. Dawa hupunguzwa na aliyeiandika, na kwa kawaida moja moja, ili ijulikane ipi ilikuwa na madhara.

Presha yenyewe inapimwaje? Karibu kila mahali mzee hupimwa akiwa ameketi, namba ikapendeza, akasifiwa na kurudishwa nyumbani. Lakini haanguki akiwa ameketi. Anaanguka anaposimama. Kipimo cha kusimama hakihitaji kifaa kingine chochote. Mzee alale chali dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3, huku mtu akiwa karibu wa kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu yake haipandi kichwani inavyotakiwa akisimama. Mtu mwenye 148 kwa 84 akiwa amelala na 122 kwa 76 akiwa amesimama atahesabiwa kuwa anaendelea vizuri na yeyote anayetazama kipimo cha kusimama pekee, ilhali ameshuka kwa 26. Pungufu ya dakika 3 isikubaliwe kwa sababu foleni ni ndefu, kwani wapo wanaoanza kushuka dakika ya tatu.

Chanzo chake ni kwamba mtu akisimama, damu nyingi hukimbilia miguuni na tumboni. Kijana mishipa yake hukaza papo hapo na moyo huongeza mapigo. Mzee, hasa mwenye kisukari cha muda mrefu au aliyepungukiwa maji, huchelewa. Saa za hatari ni asubuhi anapoamka, ndani ya saa mbili baada ya mlo mkubwa, na baada ya kuoga maji ya moto. Basi kabla ya kutoka kitandani aketi ukingoni walau dakika moja, akanyage na kuinua visigino na vidole kwa zamu mara 20 ili misuli ya vigimbi isukume damu juu, asimame akiwa ameshika kitu kizito, ahesabu hadi 10 ndipo apige hatua. Kizunguzungu kikimjia, aketi tena, asijikaze. Maji ya kunywa yasisubiri kiu, maana hisia ya kiu hupungua kadiri mtu anavyozeeka: vinywaji vya siku nzima vifike walau lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Mwenye moyo au figo zilizochoka afuate kiwango alichopewa na daktari wake. Dawa ya kutoa maji, kama hakuna maelekezo mengine, inywewe asubuhi, isiwe jioni.

Tukiwa hapo hapo kwenye presha, namba nyingi zinazoandikwa kwenye kadi ni za uongo kabla hata ya kusimama. Kibofu kikijaa, namba hupanda. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, hupanda. Mtu akiongea na muuguzi, hupanda. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, hupanda. Mzee anaongezewa dozi kwa sababu ya kiti kisicho na egemeo, kisha nyumbani anaanguka. Akojoe kwanza, aketi dakika 5 bila mazungumzo, mgongo umeegemea, nyayo zimegusa sakafu, mkono juu ya meza, apimwe mara mbili kwa kuachanisha dakika moja.

Sasa kiti. Chukua kiti imara kisicho na mikono, chenye kimo cha takribani sentimita 43, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mzee aketi katikati, akunje mikono kifuani, na kwa sekunde 30 asimame wima kabisa na kuketi mara nyingi awezavyo. Hesabu kila anaposimama. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, alama yake ni sifuri. Misuli ya miguu ni dhaifu kwa umri wake kama mwanamke wa miaka 65 hadi 69 hakufika 11, na mwanamume wa umri huo hakufika 12. Kwa miaka 70 hadi 74 ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. 75 hadi 79 ni 10 na 11. 80 hadi 84 ni 9 na 10. Na 85 hadi 89 ni 8 kwa wote. Andika namba na tarehe, rudia kila baada ya miezi mitatu. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au aliyetoka kupasuliwa karibuni asijaribu peke yake nyumbani.

Misuli iliyonywea hurudi, hata kwa mtu wa miaka 85, na hili ndilo tunalopata tabu kuwaaminisha watoto wa wazee. Wao humwambia mzazi "pumzika, umefanya kazi ya kutosha", wakidhani ni heshima. Wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku kumi tu. Mpango wa mazoezi wa Otago, uliotungwa New Zealand kwa ajili ya kufanyiwa nyumbani, ulipunguza kuanguka kwa takribani asilimia 35, na hauna mashine yoyote zaidi ya vizito vya kufunga miguuni.

Msingi wake ni huu. Kusimama na kuketi: sogea mbele ya kiti, vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, simama, kisha rudi chini ukihesabu hadi nne. Ule ushukaji wa polepole ndio unaojenga paja. Wengi hujibwaga kitini na kupoteza nusu ya faida. Anza na mara 5, panda hadi 10, kisha mafungu mawili. Kuinua visigino ukiwa umeshika meza, mara 10. Kutembea kwa upande hatua 10 kwenda na 10 kurudi, kwa ajili ya misuli ya kando ya nyonga, ambayo kazi yake ni kumzuia mtu asilale upande mguu mmoja unapokuwa hewani. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama mtu aliye juu ya kamba. Asiyeweza kukaa hivyo sekunde 10 ana hatari ya kuanguka.

Mizani ya mwili hujengeka pale tu inapopewa kazi. Ukishika meza kwa mikono miwili miezi sita, umefanya mazoezi ya mikono. Ondoka mikono miwili kwenda mmoja, kutoka mmoja kwenda ncha za vidole, kisha mikono ielee juu ya meza bila kugusa, huku ukiwa kwenye kona ya chumba, kiti mbele yako. Mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, na mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kuhemesha kiasi, lakini mwongozo huo huo unawataka wazee waongeze mazoezi ya nguvu na mizani siku tatu au zaidi. Kutembea peke yake hakujathibitika kupunguza kuanguka. Mazoezi ya kuketi kitini na kupunga mikono, yale yanayopendwa kwenye makongamano ya wazee kwa kuwa yanapendeza kwenye picha, hayagusi mizani kabisa.

Misuli pia haijengwi kwa hewa. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikigawanywa katika milo yote. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo kikombe cha chai asubuhi na mlo mmoja wa mchana havifikishi. Wenye ugonjwa wa figo waulize kwanza.

Macho na miguu tutayapita haraka. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi kwenye retina takribani theluthi tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo taa inayokutosha wewe haimtoshi baba yako. Mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji mapema, jicho la kwanza lisisubiri la pili liive. Miwani yenye sehemu mbili, ya juu ya mbali na ya chini ya kusomea, huharibu kuona kwa mtu anayeshuka ngazi, kwa kuwa hutazama kidato kupitia kioo cha kusomea. Anayetoka nje sana awe na miwani ya mbali pekee kwa ajili ya kutembelea. Na miwani mipya yenye nguvu tofauti sana na ya zamani huyumbisha wiki za mwanzo. Kwa miguu: ganzi ya nyayo ya kisukari ipimwe kila mwaka, na aliyemeza metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza na ganzi ikasingiziwa kisukari. Viatu viwe na kishikio cha kisigino, soli nyembamba na ngumu. Kandambili na soksi tupu sakafuni viachwe.

Bafuni, mahali palipotupatia sentensi yetu, kosa kubwa ni kumwachia mzee ashike chuma cha kutundikia taulo. Chuma hicho kilitengenezwa kubeba taulo. Kikibebeshwa kilo 70 kinang'oka na yeye anacho mkononi. Kishikio cha kweli hufungwa kwa skrubu ndani ya ukuta mgumu, kimoja karibu na choo, kingine pa kuogea. Vile vinavyonata kwa mpira wa kunyonya hewa huachia bila taarifa. Zulia dogo lisilobanwa liondolewe kabisa, lisigeuzwe tu upande. Swichi au taa ifikiwe mkono ukiwa bado kitandani, na njia ya chooni iwe na mwanga usiku kucha. Ukingo wa kila kidato upakwe rangi inayopishana na sakafu, na reli ya kushikia kwenye ngazi iendelee kupita kidato cha mwisho, kwa sababu wengi huanguka kwenye kidato ambacho mkono ulidhani kimekwisha.

Fimbo nayo hununuliwa kama pambo. Kimo chake hupimwa mzee akiwa amevaa viatu, mikono imening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma, na huenda mbele pamoja na mguu mbovu. Karibu kila filamu huonyesha kinyume chake. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize mbovu pamoja na fimbo. Mpira wa chini ukishalainika mistari ubadilishwe.

Mifupa: mtu aliyepita miaka 50 akianguka kutoka kimo chake tu, akavunjika mkono, huo si mkono uliovunjika tu. Ni taarifa kwamba mifupa imekonda na nyonga inafuata. Kwa kawaida hufungwa plasta na kuruhusiwa, bila mtu kuuliza habari ya kupima uzito wa mifupa wala dawa. Aliyeandikiwa alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, ya mara moja kwa wiki aimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima dakika 30 bila kula wala kulala. Akilala, kidonge hurudi na kuunguza koo la chakula. Wengi huacha dawa hii kwa "kiungulia" kilichosababishwa na namna ya kuimeza. Vitamini D isichukuliwe kama hirizi: katika utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa 2010, wanawake wa miaka 70 na kuendelea waliopewa dozi moja kubwa kwa mwaka, yuniti 500,000, walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Mzee ambaye hakuwa na tabia ya kuanguka, akaanguka mara mbili ndani ya wiki, apelekwe akapimwe kama mgonjwa wa homa, hata kama joto lake ni la kawaida. Nimonia kwa mzee huweza kuja bila homa na bila kikohozi cha maana. Dalili ya kwanza ikawa kuanguka au kuchanganyikiwa. Inaweza pia kuwa maambukizi ya mkojo, damu kupungua, moyo kupoteza mpangilio wa mapigo. Hapo ndipo chanjo zinapoingia katika habari ya kuanguka: ya homa ya mafua kila mwaka, ya nimokoka (bakteria wanaoleta nimonia), na ya mkanda wa jeshi, ambayo aina yake mpya huchomwa dozi mbili kwa kupishana miezi miwili hadi sita, kwa kufuata utaratibu wa nchi husika. Siku kumi za kitandani zilizoepukwa ni kilo moja ya misuli iliyobaki miguuni.

Akishaanguka, asikimbiliwe na kuvutwa kwa makwapa. Atulie kwanza, ajikague. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, asiinuliwe, aitwe msaada. Lakini hata anayeweza kusimama huku kinena kikimuuma anaweza kuwa na ufa kwenye nyonga, apigwe picha. Kama hana jeraha, ageukie ubavu, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti, aweke mikono juu yake, atangulize unyayo wa mguu wenye nguvu, ajisukume, ageuke na kuketi. Apumzike kabla ya kusimama. Zoezi hili lifanywe angali mzima, godoro likiwa chini, maana aliyelala sakafuni zaidi ya saa moja huanza kupata baridi, kukauka na misuli kuvunjika hadi kuziba figo. Anayeishi peke yake awe na simu inayofikika kutoka sakafuni, si juu ya kabati.

Aliyegonga kichwa na anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na kuomba chai. Kwa mzee damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujitokeza wiki kadhaa baadaye kwa kuumwa kichwa, usingizi mwingi, mguu mmoja kuburuta au maneno kupotea. Wakati huo familia imeshasahau ule mgongano, na maelezo yanayotolewa ni yale yale: uzee.

Maombi yetu kwako, Mhariri, ni mawili. Hesabu za kiti tulizozitaja, zichapisheni peke yake kwenye ukurasa wa afya kwa herufi za pointi 16 au zaidi, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu herufi ndogo za kijivu mnazotumia humo hazisomeki na wale mnaowaandikia. Na mwandishi wako atakapoletewa tena habari ya mzee aliyeanguka bafuni, aulize alikuwa akimeza dawa gani, presha yake ilipimwa akiwa amesimama lini, na alilala sakafuni muda gani kabla ya kuonekana.

Wahudumu wa afya ya wazee